Dalton, Rutherford, Bohr au wingu: uchague mchoro upi wa atomu?

Mwanafunzi wa kidato cha pili aliwahi kunyoosha mkono nikiwa bado nimeshika chaki. Ubaoni nilikuwa nimemaliza kuchora atomu ya sodiamu: kitone katikati, duara tatu, elektroni 2, 8, 1. Akauliza, "Mwalimu, hizo elektroni zimeanza kuzunguka lini, na mbona hazichoki?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Swali lile liliwasumbua wanafizikia wakubwa kwa zaidi ya miaka kumi, na mchoro niliouchora haukuwa na jibu lake. Nilimwomba anipe wiki moja.

Tangu hapo nimekuwa naulizwa na walimu wapya, na wazazi wanaokaa na watoto wao jioni kwenye kazi za nyumbani: katika michoro yote hii ya atomu iliyojaa vitabuni, tushike upi? Kitabu kimoja kina tufe tupu, kingine kina sayari zinazozunguka jua, cha kidato cha tano kina mawingu yenye umbo la puto mbili zilizofungwa pamoja. Mtoto anadhani vitabu vinapingana, na kwa kweli vinapingana.

Nimeona njia nzuri ya kuilinganisha michoro hii ni kuchukua atomu moja tu na kuipitisha kote. Naichukua sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi ya jikoni. Ina protoni 11 zenye chaji chanya, neutroni 12 zisizo na chaji, na elektroni 11 zenye chaji hasi. Hebu tuone kila mchoro unatuambia nini juu yake, na unatuacha njiani wapi.

Tufe la Dalton: kwa mahesabu ya uzito, linatosha kabisa

John Dalton, mwalimu aliyeishi Manchester, alianza kuandika orodha ya uzito wa atomu mwaka 1803. Kwake yeye atomu ni kitu kizima kisichogawanyika. Kila elementi ina atomu zake zenye uzito wake, na atomu huungana kwa idadi kamili: moja kwa moja, moja kwa mbili. Ndani ya atomu hakuna cha kuchora.

Watu huudharau mchoro huu kwa kuwa ni wa zamani. Mimi siudharau hata kidogo, na nitaeleza kwa nini. Uzito wa atomu ya sodiamu ni 22.99, wa klorini ni 35.45, ukijumlisha unapata 58.44. Kwa hiyo katika kila gramu 100 za chumvi, gramu 39 na ushee ni sodiamu. Pakiti ya nusu kilo ina sodiamu karibu gramu 197. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 2 za sodiamu kwa siku, nazo ukizidisha kwa 2.5 unapata gramu 5 za chumvi, yaani karibu kijiko kimoja cha chai. Mgonjwa wa presha anayesoma maandishi ya nyuma ya pakiti ya supu anahitaji hesabu hiyo, na hesabu hiyo haikuhitaji protoni wala elektroni hata moja.

Basi kama kazi yako ni kusawazisha milinganyo ya kemia, kupima moli (kipimo cha kuhesabia atomu kwa wingi), kuchanganya mbolea kwa uwiano au kukokotoa kiasi cha dawa ya maji, tumia tufe la Dalton na usione haya. Litakuangusha pale tu utakapouliza kwa nini: kwa nini sodiamu moja inachukua klorini moja, lakini magnesiamu moja inachukua klorini mbili? Tufe halina jibu, linakubali tu kwamba ndivyo ilivyo.

Tikitimaji la Thomson

Huyu sitamkalia sana. J. J. Thomson alionyesha mwaka 1897, kwenye maabara ya Cavendish huko Cambridge, kwamba miale inayotoka kwenye ncha hasi ya bomba lenye gesi kidogo ni chembe ndogo kuliko atomu yoyote. Alibadilisha metali, akabadilisha gesi, na chembe zikabaki zilezile. Huo ndio ugunduzi wa elektroni, nao ni mkubwa. Lakini mchoro alioujenga juu yake mwaka 1904, wa elektroni zilizotawanyika ndani ya tufe lenye chaji chanya kama mbegu ndani ya tikitimaji, haukudumu hata miaka kumi.

Unakusaidia kueleza kwa nini kitana cha plastiki ukikisugua kwenye nywele kinavuta vipande vya karatasi: atomu imepoteza au imepata elektroni. Zaidi ya hapo sioni sababu ya kuuchagua. Uusome kwa ajili ya historia na mtihani, uendelee.

Rutherford: chagua huu kwa maswali ya kiini

Mwaka 1909, Manchester tena, Hans Geiger na Ernest Marsden walirusha chembe za alfa, chembe ndogo zenye chaji chanya zitokazo kwenye vitu vyenye mionzi, kwenye bamba jembamba mno la dhahabu, chini ya uongozi wa Ernest Rutherford, mtu wa New Zealand. Karibu zote zilipita. Chache sana, moja katika maelfu, zilirudi zilikotoka. Rutherford alisema baadaye kwamba ilikuwa ajabu kama kupiga karatasi laini kwa kombora la inchi 15, kombora likarudi likakupiga wewe. Kufikia mwaka 1911 alikuwa na jibu: chaji chanya yote na karibu uzito wote vimekusanyika mahali padogo sana katikati, yaani kwenye kiini. Protoni ilipata jina lake mwaka 1920, na neutroni iligunduliwa na James Chadwick mwaka 1932.

Udogo wa kiini ndio jambo ambalo michoro yote ya vitabuni inaupotosha, na sijui namna ya kulichora sawasawa ubaoni. Kama kiini cha sodiamu kingekuwa na ukubwa wa punje ya mtama, milimita 4 hivi, atomu nzima ingekuwa na upana wa zaidi ya mita 200: viwanja viwili vya mpira vilivyopangwa ncha kwa ncha, na punje ile moja katikati. Ndani ya punje hiyo kuna zaidi ya asilimia 99.97 ya uzito wa atomu, kwa sababu protoni moja ina uzito wa elektroni 1,836. Nikimweleza mwanafunzi hivi huwa namwachia muda kidogo anyamaze.

Sasa angalia mchoro huu unachoweza. Sodiamu ya kwenye chumvi ina neutroni 12, nayo ni tulivu. Ukiiongezea neutroni moja unapata sodiamu-24. Kikemia ni ileile, itatengeneza chumvi yenye ladha ileile, lakini kiini chake hakitulii: kila baada ya saa 15 nusu ya atomu zake zinakuwa zimegeuka kuwa magnesiamu, zikitoa mionzi. Tufe la Dalton haliwezi kutofautisha hizi mbili isipokuwa kwa uzito, wala michoro ya elektroni haiwezi, kwa sababu elektroni ni 11 kote kote. Tofauti yote iko kwenye kiini.

Ni hadithi hiyohiyo kwa kobalti-60 inayotumika kutibu saratani kwa mionzi: protoni 27, neutroni 33, na nusu yake hugeuka nikeli kila baada ya miaka 5.27 hivi, ndiyo maana chanzo kwenye mashine hupungua nguvu na lazima kibadilishwe. Ni hadithi hiyo pia ya uranimu ya Shinkolobwe, Katanga, iliyochimbwa na mikono ya Wakongo na kwenda kutumika katika mabomu ya mwaka 1945. Katika uranimu ya asili, ile ya aina ya 235 ni asilimia 0.7 tu, nyingine karibu yote ni ya aina ya 238, na kuzitenganisha ni kazi ngumu kupita kiasi kwa sababu kikemia hazina tofauti. Zinatofautiana kwa neutroni tatu.

Kwa hiyo anayesomea radiografia, anayeuliza juu ya isotopu (atomu za elementi moja zinazotofautiana kwa idadi ya neutroni tu), anayetaka kuelewa kinu cha nyuklia, achukue mchoro wa Rutherford pamoja na neutroni ya Chadwick. Je, aingie ndani zaidi, kwenye kwaki? Protoni na neutroni zenyewe zimeundwa kwa kwaki, wazo lililotolewa mwaka 1964, na ni kweli. Lakini kwa kuhesabu isotopu au kuelewa mionzi ya hospitali kwaki hazitakusaidia lolote.

Udhaifu wa Rutherford uko nje ya kiini. Sheria za umeme zilizojulikana wakati ule zinasema kitu chenye chaji kikizunguka hutoa mwanga na kupoteza nguvu. Elektroni inayozunguka ingechoka, tena upesi: ingeanguka kwenye kiini kabla ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde kupita. Mwanafunzi wangu, bila kujua, alikuwa ameikamata hitilafu ileile.

Bohr na maganda: mzuri kwa kuunganisha atomu, mbaya kwa rangi

Niels Bohr wa Denmark alitoa suluhisho mwaka 1913 ambalo hadi leo naliona ni la ujasiri. Alisema elektroni zinaruhusiwa kuwa kwenye ngazi fulani tu za nishati, na zikiwa hapo hazitoi mwanga. Kwa nini? Hakueleza. Aliagiza tu kwamba iwe hivyo, kisha akapiga hesabu ya hidrojeni, na hesabu ikatoka. Elektroni ya hidrojeni ikishuka kutoka ngazi ya tatu hadi ya pili, mchoro wake unatabiri mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656, na ndio ulioonekana maabara miaka mingi kabla yake.

Mchoro wa duara tunaouchora shuleni, wa 2, 8, 1, umetokana na hapo. Wengine huita duara hizo maganda, wengine matabaka. Na maganda yapo kweli. Ushahidi wake ni mzuri sana. Kung'oa elektroni ya kwanza ya sodiamu kunahitaji kilojuli 496 kwa kila moli. Ya pili? Kilojuli 4,562, zaidi ya mara tisa. Elektroni moja iko nje peke yake, zilizobaki zimeshikwa barabara. Nenda kwa jirani yake magnesiamu, 2, 8, 2: ya kwanza 738, ya pili 1,451, kisha ya tatu inaruka hadi 7,733. Namba hizi nawapa wanafunzi kabla sijachora duara hata moja, wao wenyewe wanagundua mpaka uko wapi. Sasa lile swali lililomshinda Dalton limejibika: sodiamu ina moja ya kutoa, klorini yenye 2, 8, 7 ina nafasi moja, zinaungana moja kwa moja, magnesiamu ina mbili, inahitaji klorini mbili.

Kwa kemia ya kidato cha kwanza hadi cha nne huu ndio mchoro ninaouchagua, na sibabaiki. Lakini una sehemu mbili unazodanganya, na mwalimu asipozisema mtoto atabeba uongo hadi chuo.

Ya kwanza ni kanuni ya 2, 8, 8. Potasiamu ni 2, 8, 8, 1, lakini ganda la tatu lina nafasi 18. Kwa nini elektroni ya kumi na tisa iende ganda la nne wakati la tatu halijajaa? Duara hazisemi. Na ukivuka kalsiamu, elementi ya 20, mpangilio unavurugika: skandiamu ni 2, 8, 9, 2, chuma ni 2, 8, 14, 2, shaba ni 2, 8, 18, 1. Mtaala unasimama kwenye elementi 20 za kwanza kwa sababu hapo ndipo mchoro unapoishiwa pumzi. Mwambie mwanafunzi hivyo waziwazi.

Ya pili inaniuma zaidi, kwa sababu niliifundisha vibaya kwa miaka. Mwaga maji ya chumvi kidogo kwenye moto wa jiko la gesi, mwali unageuka njano kali. Ni njano ileile ya taa za zamani za barabarani, nanomita 589. Nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba elektroni ya sodiamu inapanda ganda la juu kwa joto, kisha inashuka ganda la chini na kutoa rangi. Inasikika vizuri. Si kweli. Elektroni ile ya nje, ikiwa imetulia, iko ganda la tatu. Ikipandishwa na moto na kutoa ile njano, ilikuwa wapi? Ganda la tatu hilohilo. Haikuvuka duara yoyote. Mchoro wa 2, 8, 1 hauna nafasi ya kuonyesha safari hiyo, kwani ndani yake kuwa ganda la tatu ni kuwa mahali pamoja tu.

Yaani mchoro uliofaulu kwa hidrojeni unashindwa kueleza rangi ya chumvi ya jikoni.

Wingu: ghali, lakini ndilo linalojibu

Mwaka 1926 Erwin Schrödinger wa Austria aliandika mlinganyo unaoichukulia elektroni kama wimbi, na mwaka huohuo Max Born akaeleza wimbi hilo linatupa nini: uwezekano wa kuikuta elektroni hapa au pale. Duara zikafutika. Mahali pake pakaja mawingu yenye maumbo, yanayoitwa kwa herufi s, p, d, f. Wingu la s ni la mviringo. La p lina sehemu mbili, na katikati, penye kiini, pana pengo.

Sasa rudi kwenye sodiamu. Elektroni yake ya nje ikiwa katika wingu la s la ganda la tatu, ina uwezekano fulani wa kuwa karibu kabisa na kiini, ikipenya ndani ya elektroni kumi zinazokizuia. Ikiwa katika wingu la p la ganda lilelile, pengo la katikati linaifanya ipenye kwa kiasi kidogo kuliko ikiwa kwenye s, hivyo inashikwa kwa nguvu ndogo na nishati yake iko juu. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni elektronivolti 2.1 (elektronivolti ni kipimo kidogo sana cha nishati). Ishushe kutoka p hadi s, inatoa mwanga wenye nishati hiyo, na mwanga wenye nishati hiyo ni njano ya nanomita 589. Hata jambo dogo zaidi linaelezeka: ukiutazama mstari ule kwa kifaa kizuri utaona ni miwili, 589.0 na 589.6, kwa sababu elektroni ina tabia iitwayo spini inayogawanya hali ya p mara mbili.

Fumbo la potasiamu nalo linafunguka kwa njia hiyohiyo: wingu la s la ganda la nne linapenya karibu na kiini, hivyo kwa potasiamu liko chini kinishati kuliko wingu la d la ganda la tatu. Umbo la molekuli ya maji, iliyopinda kwa nyuzi 104.5, halielezeki kwa duara bapa za ubaoni; kwa mawingu linaelezeka.

Gharama yake ni hesabu. Mlinganyo wa Schrödinger unatatuliwa kikamilifu kwa hidrojeni. Kwa atomu yenye elektroni nyingi kama sodiamu ni lazima kukadiria, na kwa kawaida kompyuta ndiyo inayofanya kazi hiyo. Mtoto wa miaka 14 ukimpa wingu peke yake atabaki na picha ya ukungu na hakuna namba ya kushika. Nimejaribu. Waliofaidika ni watatu, wanne. Wengine walirudi nyumbani wamechanganyikiwa, nami nikalazimika kurudi kwenye 2, 8, 1 wiki iliyofuata.

Kwa hiyo wewe uchukue upi?

Mzazi unayemsaidia mtoto kazi ya uzito na moli, bakia na Dalton. Mwanafunzi wa kidato cha pili hadi cha nne, beba maganda ya Bohr kwa kuungana kwa atomu na kiini cha Rutherford kwa isotopu. Hayo mawili yanakaa pamoja bila ugomvi. Wa kidato cha tano na sita, au anayeelekea uhandisi na tiba, aanze wingu mapema, asingoje kulazimishwa na mtihani. Na mtu mzima anayesoma kwa hamu yake tu, asiye na mtihani wowote, nitamshawishi aruke moja kwa moja kwenye wingu, kwa kuwa yeye hana cha kukariri.

Kwa mwalimu mwenzangu nina ushauri mmoja wa ubaoni. Punguza duara, chora ngazi. Weka kitone cha kiini upande mmoja, na pembeni yake ngazi ya nishati kama ile ya kupandia darini: kidato cha chini elektroni 2, kinachofuata 8, cha juu 1. Mwanafunzi anapata 2, 8, 1 yake bila kuamini kwamba kuna sayari zinazozunguka. Akifika kidato cha tano humvunjii chochote. Unampasulia tu vidato vya ngazi ileile, kidato cha tatu cha ngazi kinakuwa na s chini na p juu yake, na kati yake unaandika 2.1.

Yule mwanafunzi nilimjibu kwa ngazi hiyo. Nilimwambia elektroni hazizunguki kama mwezi. Katika wingu la s elektroni haina mzunguko wowote wa kuizunguka atomu. Na haichoki kwa sababu haina pa kushukia: Wolfgang Pauli alionyesha mwaka 1925 kwamba elektroni mbili haziwezi kuwa katika hali moja kwa kila kitu, na vidato vyote vya chini ya elektroni ile ya sodiamu vimejaa. Akafikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo ile njano ndiyo kuchoka kwake, ikiwa imepandishwa." Nikamwambia ndiyo.

Wiki ile tulizima taa za maabara, tukawasha taa ya spiriti, nikachovya waya kwenye chumvi na kuuingiza motoni, huku wao wakiutazama mwali kwa mwakisiko wa CD ya zamani. Kwenye CD hiyohiyo taa ya LED ilikuwa imewaonyesha rangi zote za upinde wa mvua zikifuatana. Mwali wa chumvi uliwaonyesha mstari wa njano, peke yake.